Sindano Sitini Nyuma ya Baiskeli ya Mzee Jivani

Asubuhi ile barabarani tulikuwa watu sita, na nawataja wote ili asije mtu akasema nimesingizia. Alikuwepo Mzee Senkondo, balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwepo shangazi yangu Naeliki, dada wa marehemu baba, amejifunga kanga mbili kama anayekwenda msibani. Walikuwepo majirani wawili, Abdi fundi viatu na Tumaini wa mashine ya kusaga, walioitwa wawe mashahidi. Alikuwepo Mzee Jivani, ameshika baiskeli yake kwa mikono miwili. Na mimi, Nakundwa, nilikuwa nimekaa nyuma ya baiskeli hiyohiyo, juu ya gunia lililokunjwa, nimeegemea upande wa kulia kwa sababu jana yake nilichomwa sindano kushoto. Kila mmoja wetu alijua kilichomleta pale, isipokuwa mwenye baiskeli.

Nitafika huko. Kwanza nieleze nilivyofika juu ya gunia lile, maana naandika kwa ajili ya mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana kifua kikuu, na sasa amekaa kwenye benchi anawatazama watu wanavyosogea mbali naye. Mambo ya dawa atayasikia kwa waganga wa hospitali. Mimi nitamweleza yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

Kwetu ni milimani, juu ya Mbaga. Baba alikufa nikiwa darasa la nne, na mama akamfuata masika ya mwaka uliofuata. Nikaacha shule. Mdogo wangu Eliamini alikuwa anaanza kusoma na Namsifu alikuwa bado anabebwa. Nililima, nikapika, nikasimama zamu ya maji kwenye ndiva, lile bwawa dogo la kijiji linalomwagilia mashamba, nikibishana na wanaume wenye umri wa baba yangu ili shamba letu lipate saa yake. Nilipofika miaka kumi na tisa, Eliamini alikuwa darasa la sita na Namsifu la pili, na hakuna aliyewahi kuwaona wamekaa nyumbani siku ya shule.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna maharage. Nilikunywa majani ya kila namna. Kisha nikaanza kuamka nguo zimelowa jasho kama nimetoka kuchota maji, na sketi ya kanisani ikaanza kunishuka kiunoni nikiimba. Siku nilipotema damu kwenye jani la mgomba nililifukia lile jani, nikadhani nimeficha. Namsifu alikuwa ameniona. Alikwenda akaleta jembe, akafukia zaidi.

Baba mdogo Kiondo ndiye aliyenishusha Same kwa lori la mbao. Njiani alinunua ndizi mbivu akanipa zote, na mimi nikaanza kumshuku hapohapo, maana baba mdogo hakuwa mtu wa kumpa mtu ndizi. Tuliposhuka alisema lake.

"Mwanangu, huu ugonjwa ni wa muda mrefu. Watoto hawawezi kukaa peke yao. Eliamini ana mikono mizuri, nimeshaongea na mnyapara kule kwenye mkonge. Na Namsifu kuna familia Moshi inataka mtoto wa kushika mtoto."

"Nani kakuruhusu kuongea?"

"Usinijibu hivyo. Nitawaweka kwangu mpaka masika. Masika ikianza na wewe hujarudi shambani, nawagawa."

Hilo ndilo lililokuwa mezani. Nirudi kabla ya masika, nimesimama kwa miguu yangu na jembe mkononi, au wadogo zangu wagawanywe kama vyombo vya marehemu. Katika watu wote niliowashuku mwaka ule, baba mdogo ndiye pekee ambaye kwake sikukosea.

Hospitalini, muuguzi Bi Martha aliniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema jambo hilo mara nyingi: sindano sitini, moja kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, kisha vidonge mwaka mzima.

"Na nikikosa siku moja?"

"Ukikosa tunaanza moja. Usije ukaniletea habari za mvua wala msiba. Ukikosa, moja."

Nilikaa kwa shangazi Naeliki, ng'ambo ya reli, upande ule ambao upepo wa Same hauna kazi nyingine ila kumwaga vumbi kwenye sufuria. Shangazi alinipokea, na hilo simnyang'anyi, kwa sababu wengine hawakunipokea. Lakini alifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe changu. Kijiko changu kilikuwa na uzi mwekundu. Asubuhi moja niliona uzi mwekundu kwenye kigoda, na tangu siku ile kila nilipoingia chumbani nilitafuta uzi kwanza. Ugonjwa huu unakufundisha kuhesabu hatua za watu. Mtu akisimama mbali unaona anakukimbia, akisimama karibu unajiuliza anataka nini.

Kutoka ng'ambo ya reli mpaka hospitali, mzima anakwenda akiimba. Mimi nilikuwa napumzika mara nne. Hospitalini tulikuwa na benchi letu, nje, mwisho wa baraza, mahali upepo unapotoka. Wenyewe tuliliita benchi la kifua. Kila mmoja alikuwa na kopo lake la kutemea, lenye kifuniko, mapajani kama mwanafunzi mwenye kidau cha wino. Tulikuwa tukisikiliza sindano za kioo zikigongana kwenye sufuria ya maji ya moto ndani, na kwa mlio huo tulijua zimebaki ngapi kabla ya kuitwa. Kulikuwa na mkata mkonge mmoja kutoka Kigoma aliyetuchekesha. "Leo mimi naomba wanichome kwenye kivuli changu," alikuwa akisema, "huku kwenyewe pamejaa."

Siku ya sita miguu ilikataa. Nilikaa kando ya barabara, karibu na pale reli inapokatwa na njia, nikikohoa ndani ya kanga, jua likipanda. Nilikuwa nafikiria neno moja tu: moja, moja, moja. Ndipo akaja Mzee Jivani.

Kila mtu ng'ambo ya reli alimjua, na hakuna aliyemwamini. Alikuwa Mhindi asiye na duka. Alikuwa karani wa stesheni tangu enzi za Waingereza, akastaafu, na wanawe wakaenda Ulaya, yeye akabaki. Kwa nini abaki? Zilikuwa siku ambazo Wahindi wengi walikuwa wakifunga mizigo, na majengo yalikuwa yanachukuliwa na serikali, na wewe huna duka, huna jengo, umebaki Same unakula vumbi? Wengine walisema anaficha dhahabu, wengine walisema ni mpelelezi, ila sikusikia mtu akieleza anapeleleza nini. Na kubwa zaidi, hakuna aliyeelewa namna alivyoendesha baiskeli. Kila alfajiri alikwenda nayo mpaka kile kilima kidogo nje ya mji na kurudi, polepole sana, mpaka kuku walikuwa wakikatiza mbele yake bila kukimbia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mtu mwenye baiskeli nzima, asiye na mzigo, kwa nini aende taratibu hivyo akisema peke yake?

Alisimama akateremka.

"Shikamoo," nilisema, kwa adabu tu.

"Marahaba, binti. Unakwenda hospitali?"

"Nakwenda."

"Umekaa."

"Napumzika."

Alizaliwa Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na hilo nalo lilinitia shaka. Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye karia.

"Panda."

"Ninaumwa kifua, Mzee. Kile chenyewe."

"Nimesikia kikohozi chako tangu kule kwenye tangi la maji. Panda."

Nilipanda kwa sababu ya lile neno la Bi Martha: moja. Njia nzima nilishika chuma cha kiti na si shati lake, na nilitega sikio. Alikuwa anasema "Ram." Mguu wa kulia ukishuka, "Ram." Mguu wa kushoto ukishuka, "Ram." Hakuimba wala hakunong'ona, alisema tu kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Nikaanza Baba Yetu kimyakimya ili kujikinga. Nikaona nimemaliza Baba Yetu mara kumi na moja na bado hatujafika hospitali.

Kesho yake alikuwepo pale pale, na badala ya koti alileta gunia lililokunjwa mara nne. Akanisubiri nje ya hospitali chini ya mwarobaini na kunirudisha. Siku ya tatu aliniuliza, "Leo upande gani?" Nilielewa baada ya kufikiri. Mtu aliyechomwa kushoto hukaa kulia, na baiskeli huelemea kulia, na mwendeshaji lazima ajue mapema. Kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yetu. Leo upande gani? Kushoto, Mzee. Basi tuelemee kulia.

Na kila siku, kabla ya kuondoka, alinipa kipande cha sukari guru, kidogo kama kucha ya dole gumba, kilichofungwa kwenye karatasi. "Kimetoka kwa Mungu," alisema siku ya kwanza. "Kula."

Shangazi alinikamata mkono nilipomwambia. "Usithubutu! Hicho kimewekwa mbele ya sanamu. Ukila ni chako, na wewe ni wake. Mzee mzima abebe msichana bure kila siku? Nakundwa, wewe ni mtoto wa mjini? Atataka kitu kwako huyu."

Basi nilikuwa napokea kwa mikono miwili, naitikia asante, nakifunga kwenye pindo la kanga, na tukifika hospitali, akiwa anaegesha baiskeli, nakitupa nyuma ya mti wa miiba. Njaa ya dawa zile ni njaa mbaya. Ulimi wangu ulikuwa unalia. Nilitupa hivyohivyo.

Wiki ya tatu masikio yalianza kuvuma, na nilipogeuka ghafla dunia ilichelewa kugeuka pamoja nami. Nilimweleza Mzee Jivani, nikasema labda ni kwa sababu ya yale maneno yake. Nilisema kama utani lakini sikuwa natania. Akasema nimweleze Bi Martha leo hii, nisingoje kesho. Wewe unayesoma, masikio yakivuma, sema siku hiyohiyo. Mimi nilisema, wakapunguza kidogo, na leo nasikia.

"Kwa nini unaendesha polepole hivi?" nilimuuliza siku moja nilipopata ujasiri.

"Nikikimbia, jina linakatika. Ram moja kwa mguu mmoja. Zamani nilipokuwa kijana nilikuwa namwomba Mungu kwa haraka, nikiwa na treni ya saa mbili. Nadhani hakusikia hata neno moja." Akacheka. "Sasa sina treni."

"Na Mungu anataka nini kwako?"

"Hajaniambia. Mimi namwita tu. Ukimwita mtu kwa sababu unampenda, lazima uwe na shida?"

Kwetu, anayekuita bila shida ana shida kubwa kuliko zote.

Vuli ilikuwa haijanyesha. Mwezi wa kumi ulipita mkavu. Bombani Same ndoo zilipangwa tangu alfajiri, na habari zilizoshuka milimani zilisema ndiva yetu imekuwa tope lenye nyayo za mbuzi. Kila asubuhi mawingu yalikaa juu ya mlima wa Shengena, na kila asubuhi watu waliyatazama kama mtu anavyotazama sufuria ya mwenzake. Vuli ikikosa, hakuna maharage, na bila maharage baba mdogo hangengoja hata masika.

Siku ya sindano ya thelathini na sita niliamka mapema na nguvu kidogo, nikaona nimfuate Mzee Jivani njiani badala ya kumngoja. Nilimkuta pale chini ya kilima. Baiskeli ameilaza. Amesimama bila viatu, amelielekea jua lililokuwa linachomoza, na mikononi ameinua chungu kidogo cha shaba. Akawa anakiinamisha. Maji yalishuka mbele ya uso wake taratibu, yakaingia kwenye vumbi na kupotea, na yeye akawa anatazama jua kupitia maji yale na kusema maneno.

Msomaji wa mjini ataona mtu anasali. Mimi ni mtoto wa milimani. Kwetu mvua ina wenyewe. Tumekua tukisikia habari za watu wanaoifungua na watu wanaoifunga, na kila mtoto anajua kwamba anayelipa jua maji huku akinuia maneno analilipa ili liendelee kuwaka. Nikatazama Shengena. Mawingu yalikuwepo. Nikarudi nyumbani bila yeye kuniona, nikamngoja pale pa siku zote, nikapanda, nikashika chuma. Tulipotoka hospitali saa nne, mlima ulikuwa mweupe, hauna hata wingu moja.

Nilimwambia shangazi mchana ule. Sikulazimishwa. Nilimweleza chungu, maji, miguu mitupu, maneno, na mawingu yaliyoondoka. Shangazi alivua kilemba akakivaa tena, akatoka kwenda kwa balozi.

Ndiyo hiyo asubuhi niliyoanzia. Sindano ya thelathini na saba. Tulikuwa tumeanza safari, hatujafika relini, Mzee Senkondo akainua mkono katikati ya njia.

"Bwana Jivani, tunaomba chombo chako."

"Chombo gani, balozi?"

"Kile unachomwagia jua maji."

Mzee Jivani alimtazama, kisha akamtazama kila mmoja. Alipofika kwangu hakusimama.

"Ni lota ya kusalia," alisema. "Ya mama yangu."

"Watu wanakosa maji ya kunywa, wewe unayamwaga chini mbele ya jua! Vuli imekwama tangu lini? Si tangu uanze?"

"Nimeanza nikiwa na miaka minane, balozi. Vuli ngapi zimenyesha?"

Tumaini alicheka, akajikohoza. Balozi hakupenda.

"Tumeambiwa ulivyofanya jana. Tumeambiwa na aliyeona."

"Nani?"

Shangazi alinitazama. Abdi fundi viatu alitazama viatu vya watu. Pale ningeweza kusema. Ningeweza kusema ni mimi, nimeona, lakini nimekosea au sikukosea, tumwulize. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, mgongo wake karibu na uso wangu kiasi cha kuona kiraka cha shati. Nilifikiria kikombe chenye uzi mwekundu na mlango wa shangazi. Nikakohoa, na kikohozi kile sikukihitaji.

"Haidhuru nani," balozi alisema. "Toa chombo. Na kuanzia leo ukipita hapa na maji, hupiti."

"Na bila maji?"

"Bila maji unaweza kupita."

"Huyu binti amebakiza ishirini na nne, pamoja na ya leo," Mzee Jivani alisema. "Nikikataa, nani atampeleka?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama ni ishirini na tatu au ishirini na nne. Tumaini alikuwa na baiskeli, mpya. Alikuwa anatazama vumbi la barabara.

Mzee Jivani alifungua mfuko uliokuwa kwenye usukani, akatoa lota, akaikung'uta mpaka tone la mwisho, akampa balozi kwa mikono miwili kama anayempa mtoto mchanga. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Leo upande gani?"

"Kulia, Mzee," nilisema, nikakosea. Tuliyumba mpaka relini.

Tulipovuka akasema, "Usiwe na wasiwasi kwa vile ulinyamaza. Wewe ni mgeni wa mtu, na ni mgonjwa. Hukuwa na la kusema."

Wewe uliyewahi kusamehewa kosa dogo na mtu asiyejua lile kubwa unajua uzito wake. Huo nao ni ugonjwa, na hauna sindano.

Kwa siku zile ishirini na tatu zilizofuata nilimchunguza kuliko nilivyowahi. Nilitaka nimkute na kosa. Nilitaka nione chungu kingine kimefichwa kwenye koti, nipumue. Hakuwa na kitu. Alikuja moja kwa moja kutoka kwake, hakwenda tena kilimani, na kulia ilikuwa Ram na kushoto ilikuwa Ram. Nami nikawa natazama mlima. Siku kumi bila lota, hakuna wingu. Siku kumi na tano. Upepo uleule, vumbi lilelile. Shangazi alisema uchawi mkubwa huchelewa kutoka. Nilianza kumshuku shangazi.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, ulikuwa unaliambia nini jua?"

"Asante. Ukilitazama jua kupitia maji yanayomwagika haliumizi macho, unajua? Ndiyo njia pekee ninayoweza kumtazama Mungu." Akakanyaga kidogo. "Halafu nataja majina. La mama yangu. La mke wangu. Na tangu mwezi wa kumi, la kwako."

Nilishika shati lake siku hiyo.

Akanieleza habari za mkewe. Alikuwa na kifua hikihiki, zamani, wakati sindano hizi hazijafika Same. Yeye akiwa karani mwenye cheo aliogopa watu wasijue. Alimweka chumba cha nyuma, nyuma ya pazia, akasema kwa watu amekwenda Tanga kwa ndugu. "Alikuwa anaomba nimtoe nje aone mlima. Nilimwambia kesho. Hakuwa mzito. Wewe ni mzito zaidi."

"Nimenenepa?"

"Tangu sindano ya arobaini naona kwenye mlima wa soko. Nahema." Kisha akasema, "Siyo wewe tu uliyenenepa. Sisimizi wa mti wa miiba pale hospitali nao wamekuwa wakubwa kama panzi."

Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua, na kila siku alileta kingine. Siku ile nilikila kipande changu mbele yake. Kilikuwa na vumbi na ladha ya moshi, na niliona aibu kwa jinsi kilivyokuwa kitamu.

Sindano ya sitini Bi Martha alinipigapiga begani. Mkata mkonge wa Kigoma hakuwepo kwenye benchi kuniona. Alikosa siku tatu, akarudishwa moja, akachoka akaondoka, na sijui aliko. Wewe usiondoke.

Mvua ilinyesha siku ya tatu baada ya hapo, kubwa, mpaka reli ikafunikwa na maji. Ng'ambo nzima watu walisema, si mnaona? Mhindi kanyang'anywa kile chombo, mvua hiyo. Niliwaambia zimepita siku ishirini na sita tangu kinyang'anywe. Balozi alisema nimekuwa mjuaji tangu nipone.

Nikapanda Mbaga na vidonge vyangu kwenye kopo la kahawa. Masika ilipoanza baba mdogo alikuja na lori la mbao na mnyapara ndani yake. Alinikuta shambani, jembe mkononi, Eliamini mstari wa pili, Namsifu anadondosha mbegu. Alisimama ukingoni mwa shamba. "Umenenepa," alisema, kama anayelalamika. Akarudi na lori lake.

Kila mwezi nilishuka Same kuchukua vidonge, na kila niliposhuka nilikwenda kwa Mzee Senkondo kuomba ile lota; kwa Mzee Jivani sikutaka kufika mikono mitupu. Alikuwa akinawia mikono. "Ni ushahidi," alisema mara ya kwanza. Mara ya nne alisema niende ofisini. Mara ya saba mkewe alisema, "Mpe huyu binti, tumechoka kumpikia chai." Mara ya kumi alinipa, imebonyea ubavuni. Nilivuka reli nayo mbio kwa mara ya kwanza tangu niugue, nikakuta mlango wa Mzee Jivani una kufuli. Mtoto wa dada yake alikuwa amekuja kumchukua, wamekwenda Tanga kwa treni, hata mwezi ulikuwa haujapita. Baiskeli aliiacha hospitalini. Alimwambia Bi Martha ni ya benchi la kifua, na gunia lisitolewe.

Baadaye tulihamishiwa kijiji kipya huku chini, tambarare, karibu na Same. Nililia kwa ajili ya ndiva yetu, lakini niko karibu na hospitali. Nilijifunza baiskeli nikiwa na miaka ishirini na mbili, nikaanguka mara mbili mbele ya wagonjwa waliosahau kukohoa kwa kunicheka. Sasa asubuhi, kabla ya shamba la kijiji, nambeba yeyote ambaye Bi Martha ananitajia. Naendesha polepole. Nawauliza upande gani. Najua wananishuku, juzi mama mmoja wa Bombo aliniuliza kanisa langu linanilipa nini. Nilimwambia ashike vizuri.

Kwa hiyo, wewe uliye kwenye benchi: maliza zote. Anayekuchukua bure mtazame, hiyo ni haki yako, mimi sikwambii umwamini kila mtu. Ila mtazame kwa macho yako mpaka mwisho, na ukiwa na swali, muulize yeye kabla hujamwuliza mtu mwingine.

Gadi mmoja wa treni aliniletea habari kwamba Mzee Jivani yupo hai, macho yamefifia, na anauliza kama yule binti alirudi kabla ya masika. Nilimjibu kupitia gadi huyohuyo: nilirudi. Neno la pili, lile nililolificha siku ya lota, sikumpa gadi, si la kutumwa. Lota ipo kabatini, nimeisugua kwa jivu na ndimu, lile bonyeo limekataa kutoka. Treni ya Tanga inapita hapa, naisikia kila inapopita, na kila mara kuna palizi, au mgonjwa mpya, au mkutano wa kijiji. Nikirudi hospitalini na baiskeli haina mtu nyuma, najizoeza. Mguu wa kulia, ni mimi. Mguu wa kushoto, niliyesema. Barabara yote ya Same imeshasikia. Yeye bado.